Kidole Kisichonyooka

Desturi ya baraza la Mwabuluda ilikuwa hii: anayekwenda kutoa ushahidi dhidi ya mtu, sharti kwanza amshike mkono mtu huyo. Si mbele ya watu, bali siku moja kabla ya shauri, wawili peke yao, mlango ukiwa wazi. Nyanzobe alikuwa ameshika mikono kadhaa tangu apewe kazi ya kupiga picha za uwanjani, na kila mara alifanya hivyo haraka, kama mtu anayegusa sufuria kuona kama imepoa.

Asubuhi ile alimkuta Lufunga ameketi sakafuni katika chumba cha mahabusu, ungo mapajani, anachambua kunde.

"Shikamoo, kaka Lufunga."

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe mwenye macho elfu?" Lufunga aliweka ungo kando. "Karibu. Ningekupa kiti, ila hapa kiti hawanipi. Wanaogopa nitakirusha."

 Nyanzobe alikuwa amekuja kumshika mkono mtu ambaye kesho yake, kwa picha alizopiga yeye, angepelekwa kuchimba mtaro wa kaskazini miaka ishirini. Alipiga goti, akanyoosha mkono. Lufunga alifuta kiganja chake kwenye suruali, akakipokea.

Kilikuwa kiganja kigumu cha mkulima na mcheza ngoma ya majembe. Ugumu huo Nyanzobe aliutarajia. Ambacho hakukitarajia ni kidole cha pete. Vidole vingine vilimzunguka mkono, lakini hicho kilibaki kimejikunja, kikimgusa katikati ya kiganja kama ndoana.

Hakuuachia mkono.

"Kidole hiki kimepatwa na nini?"

"Hicho? Kilinaswa kwenye mashine ya kuchambua pamba, nikiwa bado sijaoa. Mke wangu anasema ndicho kilichonifanya mchoyo, eti mkono wangu haufunguki wote." Alicheka peke yake, na kicheko kikaisha mapema.

"Kinyooshe, kaka."

"Hakinyooki."

"Jaribu."

Lufunga alimtazama kama mtu anayetazama mtoto asiyeelewa, kisha akakishika kidole kile kwa mkono wa pili, akakivuta. Kiungo kikawa cheupe. Kidole hakikunyooka hata kidogo.

Nyanzobe aliiona picha ile akilini. Nani asingeiona? Ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo tangu Gamaya alipouawa na jembe kwenye mashindano ya ngoma: mkono wa Lufunga juu ya vumbi, jembe limetoka tu, vidole vyote vitano vimefunguka na kunyooka kama vya mtu anayefukuza kuku. Mkono wa mtu aliyerusha. Mkono ambao jembe limeuponyoka haufunguki vile. Hubaki umekunjwa, ukikamata hewa. Hilo hata watoto walikuwa wakilieleza mitaani, wakionyeshana kwa vijiti.

"Kaka Lufunga," alisema taratibu, "siku ile ulilirusha?"

"Si umeniona mwenyewe?"

"Nakuuliza wewe."

Lufunga alichukua kunde moja, akaigeuzageuza kwenye vidole.

"Nilikuwa nimekasirika, siwezi kukuficha. Gamaya alikuwa ameimba juu ya mama yangu, na kundi lake lote la Wagalu likaitikia, na watu wakaanza kuhama upande wetu kwenda kwao. Jembe lilipotoka nilikuwa na hasira hapa." Aligusa koo. "Siku za mwanzo nilikuwa naapa kwamba liliniponyoka. Jasho. Kisha wakanionyesha. Nikaona mkono wangu mwenyewe, dada. Nikasema basi, kumbe moyo wangu ulikuwa na jambo ambalo mimi sikulijua." Aliitupa kunde unguni. "Nimeshamtumia mama yake Gamaya ujumbe. Kesho nitakiri. Usipate taabu ya kusema sana."

*

Zamani za bibi yake Nyanzobe, picha moja ilitosha. Mtu alikuonyesha picha, ukaamini. Baadaye zikaja mashine za kutunga picha za chochote, na picha ikawa kama umbea. Kila mtu aliisikiliza na hakuna aliyeiapia. Ndipo ikaletwa Sheria ya Mfululizo. Picha moja haikuwa tena shahidi. Shahidi ni mfululizo tu: unabonyeza kitufe, unakishikilia, na kamera inapiga fremu baada ya fremu bila kupumzika mpaka ukiachie. Kila fremu inafungwa kwa muhuri uliotokana na fremu iliyoitangulia, hivi kwamba hakuna mkono wa mtu unaoweza kuchomeka fremu ya uongo katikati.

Mkono wa mtu. Nyanzobe aliyarudia maneno hayo njia nzima kurudi nyumbani, akipita kati ya mawe makubwa ya Mwabuluda na mashamba ya pamba yaliyofunikwa kwa paneli za jua.

Kamera za kale zilikuwa na udhaifu mmoja uliojulikana na kila mpigapicha. Katika mfululizo, fremu huingia upesi kuliko zinavyoweza kuhifadhiwa, kwa hiyo husubiri kwenye kumbukumbu ndogo ya muda, kama watu kwenye foleni ya kisima. Kumbukumbu hiyo ikijaa, au kamera ikipata joto sana, inakwama. Taa nyekundu inawaka, na unabaki na kitufe chini ya kidole huku maisha yanaendelea bila wewe. Walimu wa Nyanzobe walimfundisha kubonyeza kwa vipande vifupi, kuvuta pumzi, kubonyeza tena.

Kamera mpya, iliyoitwa Kope, haikukwama. Ukanda wake wa shingoni ulishonwa maneno: *Haipitwi.* Nyanzobe aliipenda kwa sababu hiyo. Siku ya mashindano, Wagika, kundi la Lufunga, wakicheza upande mmoja wa kamba na Wagalu upande wa pili, alikishikilia kitufe tangu ngoma zilipopanda. Jua lilikuwa utosini. Alikumbuka sasa jinsi mwili wa kamera ulivyomuunguza shavu, na jinsi alivyoona fahari kwamba taa nyekundu haikuwaka.

Kaka yake, Shigela, alikuwa uani akinoa panga.

"Kaka, acha hilo. Njoo unirushie jembe."

"Nimrushie nani?"

"Hewa. Na unipe kidole chako cha pete."

"Hivi wenzako wanapotoka kazini huwa wanaomba chai," Shigela alisema, lakini aliinuka. Alikuwa mrefu, mpole wa mwendo, na tangu mwaka wa moto wa ghala alikuwa na tabia ya kufuta mikono kila mara hata ikiwa safi.

Nyanzobe alikikunja kidole cha pete cha kaka yake, akakifunga kwa uzi mwekundu wa kufumia, mizunguko mingi, mpaka kikabana kwenye kiganja. Aliisimamisha Kope juani kwenye miguu yake mitatu, akabonyeza, akashikilia.

"Rusha. Okota. Rusha tena."

"Nimempata wapi dada wa namna hii!" Lakini alirusha. Jembe lilipaa, likaanguka, likapaa. Kuku walikimbilia nyuma ya tangi la maji. Nyanzobe hakukiachia kitufe. Jasho lilimwingia machoni, na kamera ikaanza kuwa moto, kisha moto zaidi, kisha ikawa kama jiwe la jikoni. Haikukwama.

"Nimechoka, Nyanzobe. Unanilimisha mbinguni?"

"Basi. Njoo uone."

Waliingia kivulini, wakainamia kioo pamoja. Nyanzobe alipitisha fremu kwa kidole, moja moja. Mkono wa Shigela, uzi mwekundu. Mkono, uzi. Jembe linatoka, uzi. Mamia ya fremu za mwanzo zilikuwa za kweli, safi na wazi kama mchana wenyewe. Kisha, mahali ambapo kamera ilikuwa imeshapata moto, jembe lilitoka mkononi na uzi haukuwapo.



Mkono ule ulikuwa mzuri. Vidole vitano vilikuwa vimefunguka na kunyooka. Kovu la Shigela la kwenye kifundo halikuwapo. Fremu kadhaa mbele, uzi ulirudi, mwekundu, na kovu likarudi nao.

"Huyo si mimi," Shigela alisema. "Mkono huo haujawahi kulima."

"Imeshindwa kuona," Nyanzobe alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ikajaza. Imeona mikono mingi inayorusha, ikachukua mkono wa wote, ikauweka hapo. Halafu ikaupigia muhuri wake." Aligusa kioo pale uzi ulipokosekana. "Haidanganyi kwa makusudi. Inaona aibu kukwama, basi."

Kwa kitambo alijisikia mwepesi, karibu afurahi. Kesho angesimama, angeonyesha uzi, na Lufunga angerudi kwa mke wake na utani wake. Aliinua macho amwambie kaka yake hivyo, akamkuta anafuta mikono yake.

"Ghala lilikuwa na moto," Shigela alisema. "Na moto una joto."

Hapo ndipo alipoelewa.

Mwaka ule ghala la pamba lilipoungua, mlinzi wake alitolewa maiti, mikono imeteketea. Watu walisema Shigela ndiye aliyeufunga mlango mtu akiwa ndani. Kope iliyofungwa juu ya nguzo ndiyo iliyomwokoa. Mfululizo wake ulimwonyesha Shigela, fremu baada ya fremu, akiuvuta mlango uliofungwa ili kuufungua. Nyanzobe alikuwa barazani siku hiyo. Aliporudi nyumbani aliamua atajifunza kazi ya kamera, kwa shukrani. Kazi yake yote ilianzia kwenye mlango ule.

"Nikisema la Lufunga," alisema, "watarudia mashauri yote."

"Watarudia."

"Na la kwako."

"La kwangu watalianza, nadhani. Watu wana kumbukumbu nzuri kwa mambo ya jirani."

Nyanzobe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Una mke, alitaka kumwambia. Una watoto wawili wanaojua kwamba baba yao alifungua mlango. Badala yake alisema, "Niambie. Mlango ulifanyaje siku ile?"

Shigela alimtazama bila hasira.

"Unajua kwamba hii ndiyo mara ya kwanza unaniuliza?"

"Si kweli."

"Ni kweli. Kabla ya shauri ulikuwa unalia, hukuuliza. Baada ya shauri ulikuwa unacheka, hukuuliza. Uliiamini Kope. Mama naye aliiamini Kope. Mke wangu aliolewa nami upya kwa sababu ya Kope." Alianza kuufungua uzi kidoleni, mzunguko kwa mzunguko. "Mimi nilikuwepo pale mlangoni, Nyanzobe. Hakuna aliyetaka kujua nilichokiona."

"Nataka sasa. Niambie."

"La."

"Kaka!"

"Nikikwambia leo, utapima. Utaweka maneno yangu upande huu na mkono wa Lufunga upande ule, utapima usiku kucha, na kesho utasimama pale ukiwa umenichagua au umenikataa. Sitaki vyote viwili." Alimrudishia uzi, akiuweka kiganjani mwake kama mtu anayelipa nauli. "Nenda ukaseme la kidole. Langu nitalisema mwenyewe."

*

Baraza lilikaa pale pale uwanja wa ngoma, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuwatosha watu. Kamba ile ile ilivutwa katikati. Katika ngoma za Mwabuluda mwamuzi alikuwa miguu ya watazamaji; waliponogewa upande mmoja walihamia huko, na upande uliobaki na wachache ulikubali kushindwa. Baraza lilichukua desturi hiyo. Mwenye kuamini upande wa mshtakiwa alivuka kamba akasimama naye.

Lufunga alisimama peke yake upande wake. Upande wa pili ulikuwa umejaa, na mbele kabisa, juu ya mkeka, aliketi mama yake Gamaya, kanga imekazwa kichwani, mikono mapajani.

Mama Kabula, mwenyekiti, aliita jina la Nyanzobe.

"Umemshika mkono?"

"Nimemshika, mama."

"Basi tuonyeshe mfululizo."

"Kabla ya mfululizo, naomba kaka Lufunga anyooshe mkono wa kulia, vidole vyote."

Lufunga alikunja uso. "Dada, nilikwambia usipate taabu. Mimi nakiri—"

"Nyoosha, kaka. Tafadhali."

Aliunyoosha. Vidole vinne vikasimama, cha pete kikabaki kimelala. Nyanzobe alimwomba Mama Kabula mwenyewe ashuke ajaribu kukinyoosha. Mwenyekiti alishuka, akakivuta, akakiangalia kwa karibu, akageuza shingo kuitazama picha ile ile, iliyokuzwa na kutundikwa kwenye nguzo. Aliitazama mpaka watu wa nyuma wakaanza kuulizana kuna nini.

Nyanzobe alieleza. Alieleza foleni ya fremu na joto, akaonyesha mkono wa Shigela wenye uzi na usio na uzi, mara mbili, ili walio mbali nao waone. Hakupamba. Alipomaliza, Lufunga alikuwa ameuleta mkono wake karibu na uso, anautazama kama kitu alichokipoteza zamani na kukiokota njiani.

"Liliponyoka," alisema, si kwa mtu yeyote. "Nilisema liliponyoka." 

Mama yake Gamaya aliinuka. Watu walimpisha ingawa hakuwa anakwenda popote.

"Kwa hiyo mwanangu kauawa na nani?"

Nyanzobe alimgeukia.

"Sijui, mama," alisema. "Pale jembe lilipotoka mkononi, kamera haikuona. Na mimi nilikuwa nyuma ya kamera. Nimekuja kusema kwamba sijui. Nisamehe. Nilikuwa nimekupa uhakika ambao sikuwa nao."

Mama yule alibaki amesimama.  Aliketi tena polepole, akaufunika uso kwa ncha ya kanga, na binti mmoja akamshika bega.

"Nyanzobe," Mama Kabula aliita kutoka mezani, na sasa sauti yake ilikuwa nzito, "unajua unachokisema? Mashauri mangapi yamekatwa hapa kwa Kope?"

"Mengi, mama."

"Wapo walioko mtaroni kwa ajili yake. Wapo wanaolala kwao kwa ajili yake. Unataka tuyafukue yote?"

Kutoka nyuma sauti ya mwanamume iliuliza. "Mbona hukuyasema haya ilipomtoa kaka yako?"

"Enhe!" wengine wakaitikia. "Siku ile ilikuwa inaona vizuri!"

Kicheko kikali kilipita uwanjani. Nyanzobe alingoja kiishe. Uzi mwekundu ulikuwa bado mfukoni mwake, na aliuzungusha kwenye kidole mpaka ukambana.

"Sikujua," alisema. "Sasa najua. Mkiyarudia mashauri, anzeni na la kaka yangu."

 Kwa muda hakuna mguu uliosogea. Watu walitazama kamba, kisha walitazamana, kila mmoja akihesabu moyoni ni jamaa gani yake Kope ilimfunga na ni yupi ilimfungua. Lufunga alikuwa bado peke yake upande wake, ameshika mkono wake kwa mkono wa pili. Nyanzobe aliwaza: wataiacha picha ile pale nguzoni kwa sababu kuishusha ni kazi kubwa mno.

Ndipo umati ulipojigawa katikati, na Shigela akatoka.

Alikuwa amevaa shati lake la ibada. Hakumtazama dada yake. Alitembea kwa mwendo wake ule mpole, akainua mguu, akavuka kamba, akasimama bega kwa bega na Lufunga. Alifuta mikono yake mara moja kwenye suruali, kisha akaiacha ikae.

"Mimi naitwa Shigela," alisema, ingawa kila mtu alimjua. "Nilikuwa mlangoni ghala lilipoungua. Mliona picha, mkaniachia, na nawashukuru. Lakini sikuwahi kuwaambia kilichotokea, maana hakuna aliyehitaji. Leo naomba nisikilizwe. Mkitaka kunihukumu mnihukumu kwa haya nitakayosema."

Mwanamke mmoja wa Wagalu, mzee, alivuka kamba. Kisha vijana wawili. Kisha mke wa Shigela, akimshika mtoto mkono. Hawakuwa wengi. Wengine walibaki walipokuwa, lakini wa nyuma walianza kusogea karibu.

Nyanzobe aligundua kwamba alikuwa ameinua kamera bila kujijua, kama alivyozoea, na kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Alikitoa. Aliivua Kope shingoni, akailaza mchangani, jicho chini. Kisha akasogea mpaka kwenye kamba, apate kusikia.

"Nilipofika," Shigela alianza, "mlango ulikuwa wazi."